Sahihisho Moja la Ukurasa wa Tatu

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Sura Nzima atafunga dirisha la chumba namba saba na kumkabidhi ufunguo mlinzi wa getini. Atakuwa ametumikia dawati la Maswali ya Wasomaji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Dirisha lenyewe halifungiki mpaka ulipige kiwiko upande wa chini kushoto, na ni yeye peke yake anayejua pa kupiga, kwa hiyo makabidhiano yataanzia hapo.

Wastaafu wetu wote huagwa kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida hili, kando ya orodha ya vitabu vipya. Huyu anaagwa ukurasa wa tatu, penye Majibu kwa Wasomaji, kwa sababu mwandishi wa wasifu huu ameomba hivyo. Pamoja na shukrani, lipo kosa la miaka kumi na tisa linalohusu jina lake, nalo bado halijasahihishwa. Kosa la ukurasa wa tatu husahihishwa ukurasa wa tatu. Sheria hiyo ni ya Mzee mwenyewe. Tutafika huko, ila kwanza kazi.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea sekondari alikokuwa mwalimu wa historia. Siku ya usaili, mkurugenzi wa wakati ule alimtega kwa swali linalotufikia mara nyingi kuliko yote: Kaini alimpata wapi mke? Akaomba Biblia. Akasoma sura ya nne ya Mwanzo yote, polepole, kwa sauti ya darasani, kisha akaingia ya tano huku wasaili wakitazamana na mmoja wao akiangalia saa waziwazi. Alipofika panaposema kuwa Adamu alizaa watoto wengine, wa kiume na wa kike, akafunga kitabu. Alisema mke huyo hakutoka hewani, maana kitabu chenyewe kinataja hao ndugu. Ila jina lake na siku ya harusi havikuandikwa, na yeye havijui. Inasemekana ni hilo la kutojua lililompa kazi. Waombaji wengine sita walijua kila kitu, hata mahari.

Jina la Sura Nzima lilifuata ndani ya wiki. Ukimpelekea mstari, anakuuliza kama umesoma sura nzima. Ukisema ndiyo, anakuuliza habari za iliyotangulia. Wageni wengine walidhani tunamsifia uzuri wa uso, na mkewe, muuguzi tunayemwita Mama Nesi, hajawahi kuwasahihisha.

Chumba namba saba kiko mwisho wa korido, kimepakana na stoo ya karatasi. Kina meza ndefu ambayo mguu wake mmoja umewekewa kigae, kabati la chuma, Biblia za tafsiri tisa, itifaki ya kutafutia maneno ya Biblia, iliyovunjika mgongo, na ramani ambayo Bahari ya Chumvi yake imefutika kwa kuguswaguswa na kidole. Juu ya meza kuna trei tatu za mbao alizozitengeneza mwenyewe na kuziandika kwa rangi: LIPO, YAELEKEA, BADO. Barua ambayo jibu lake limo ndani ya maandiko yenyewe huingia trei ya kwanza. Ile yenye jibu zuri lisilo na uhakika huingia ya pili, na ole wako uijibu bila neno "yaelekea". Ya tatu ni ya yale tusiyoyajua. Wafanyakazi wapya huionea aibu trei hiyo. Yeye huipangusa vumbi kila Jumatatu.

Mkongwe wa trei ya BADO ni Kirenio. Luka anasema Yesu alizaliwa watu walipoandikishwa, Kirenio akiwa liwali wa Shamu, na kumbukumbu nyingine za zamani zinaonyesha kuwa uliwali wake ulianza miaka kadhaa baada ya Herode kufa, ilhali Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Mzee anazijua njia tano ambazo wasomi wamejaribu kulifungua fundo hilo, na kila moja anakueleza nguvu yake na mahali inapolegea. Husema amepewa funguo tano, zote zinaingia kwenye kitasa, hakuna hata mmoja uliogeuka mpaka mwisho. Barua ya kwanza kuhusu Kirenio ina umri wa miaka ishirini na sita. Mwulizaji ameshajibiwa mara nne, na kila mara ameelezwa tulipofikia.

Msidhani alikuwa mtu wa kusitasita. Palipo na ushahidi alisimama kama nguzo. Mhadhiri mmoja alituandikia kwa dharau kwamba birika la Bethzatha lenye matao matano ni la kubuniwa na mwandishi wa Injili ya Yohana. Mzee alimjibu kwa ukurasa mmoja tu: limechimbuliwa, lilikuwa na sehemu mbili, nguzo pande nne na safu ya tano katikati, na mwenye nauli aende akahesabu. Tulipoanza kupiga makofi korido nzima, alitunyamazisha. Alisema mawe yameshuhudia birika, hayakushuhudia mgonjwa akiinuka. Tusiwabebeshe mashahidi wetu wasichokiona.

Na kuhusu kifo cha Yuda, ambacho Mathayo anakisimulia hivi na Matendo ya Mitume vile, hakwenda mbali kutafuta mfano. Lori letu la karatasi liliwahi kugonga geti hapa ofisini. Dereva aliandika taarifa ya breki. Mlinzi aliandika taarifa ya geti na hakutaja breki hata kidogo. Taarifa zote mbili zimo kwenye faili, hazifanani, na mpaka leo hakuna aliyehitimisha kuwa lori halikuwepo. Alipendekeza namna ya kuyaunganisha maelezo hayo mawili, akaongeza neno lake la "yaelekea", akalamba bahasha. Dereva na mlinzi walinuniana wiki mbili baada ya jibu hilo kuchapishwa.

Mwalimu mmoja wa shule ya awali aliwahi kuuliza awaambie nini watoto kuhusu Elisha, wale vijana wenye kejeli na wale dubu wawili waliowararua. Mzee alimwandikia kurasa mbili juu ya mji ule, juu ya umri ambao neno la Kiebrania linaweza kubeba, juu ya laana na nabii aliyekataliwa. Mwishoni akaandika kwa mkono kwamba hata yeye habari hiyo humkosesha raha, na kwamba mwalimu asione haya kuwaambia watoto hivyo. Mwalimu alijibu kuwa kurasa mbili zilimsaidia kidogo na ule mstari wa mwisho ulimsaidia sana.

Sasa tuingie kwenye lile kosa, ambalo lilikuwa la lango.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, mama yake mzazi alifariki, akaondoka kwa wiki mbili kwenda kuzika. Jarida lilikuwa linasubiriwa kiwandani na ukurasa wa tatu ulikuwa na pengo la aya tatu. Kulikuwa na barua iliyouliza juu ya ngamia na tundu la sindano: ni kweli tajiri hawezi kuingia katika ufalme wa Mungu? Mfanyakazi mpya wa dawati, aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa majaribio, alikuta maelezo matamu ndani ya kijitabu cha zamani. Yalisema Yerusalemu kulikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, na kwamba ngamia aliweza kulipita akitua mzigo na kupiga magoti. Mfanyakazi huyo aliyaandika kama jambo la hakika. Kila jibu lilitakiwa kugongwa muhuri wa Mzee wenye neno IMESOMWA, na muhuri ulikuwa ndani ya droo isiyofungwa. Aliutoa, akaugonga, akaurudisha.

Baada ya wiki tatu ilikuja barua kutoka kwa fundi cherehani mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Ninayo hapa, na sehemu yake inasema hivi: "Jibu lenu nililisoma kwa sauti hapa kibandani mbele ya wateja. Kaka yangu, ambaye haamini chochote, akaniuliza, nani aliliona hilo lango? Halafu mimi sindano naijua, wazee wangu. Kama ngamia alikuwa anapita, shida yake magoti tu, mbona wanafunzi walishangaa vile? Sasa kaka anasema kama lango ni la kutunga, na mengine je? Nijibuni, maana hapa nimebaki mdomo wazi."

Mzee alisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama, na koti hajalivua. Akatafuta siku nne. Itifaki, kamusi, ramani, simu kwa vyuo viwili. Hakupata shahidi hata mmoja wa zama zile aliyelitaja lango hilo. Maelezo yenyewe yalianza kusikika karne nyingi baadaye. Siku ya nne alimwita yule mfanyakazi mpya na kumuuliza swali moja tu: "Binti yangu, ulisoma mstari unaofuata?"

Hakuwa ameusoma. Mstari unaofuata unasema wanafunzi walishangaa mno na kuulizana nani basi awezaye kuokoka. Na ule unaofuata huo unasema kwa wanadamu haiwezekani, bali kwa Mungu yote yawezekana. Neno lilikuwa gumu kwa makusudi. Aliyejaribu kulilainisha alilivunja, huku akidhani analitetea.

Mzee alikwenda kwa mkurugenzi na sahihisho mkononi. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. Alisema tukikiri kosa moja wasomaji watatilia shaka majibu yote, na kama ni lazima, basi ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Mzee alitaka ukurasa wa tatu, kwa herufi zilezile. Katibu aliyekuwepo anakumbuka hoja yake mpaka leo. Alisema kule Petro kumkana Bwana wake mbele ya kijakazi kumeandikwa katika Injili zote nne, na kwamba kama waandishi wale wangekuwa watu wa kupaka rangi, hapo ndipo wangeanza kupaka. Kitabu kilichoacha aibu ya mkubwa wao isomwe na kila mtu, alisema, kinastahili kutetewa na watu wasioficha za kwao.

Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeandika upuuzi ule. Mzee akajibu, "Muhuri ni wangu."

Hakudanganya, maana muhuri ulikuwa wake kweli. Sahihisho lilitoka ukurasa wa tatu kwa herufi zilezile. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa uzembe na akahamishiwa stoo ya karatasi, upande wa pili wa ukuta wake mwenyewe. Alikaa huko miezi kumi na minne. Barua hiyo iliingia kwenye faili lake la utumishi, na mara mbili nafasi ya mkuu wa idara ilipotokea, faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Wa mara ya pili alikuwa amefundishwa kazi na yeye mwenyewe.

Wasomaji wapendwa, na wewe Mzee, lile lango nililiandika mimi. Muhuri niliuiba mimi. Nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya mkurugenzi nikiwa na faili kifuani aliposema muhuri ni wake, nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa kufukuzwa. Baada ya majaribio kwisha niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mapema, na kila mwaka ulioongezeka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Mficha uchi hazai, tunaambiwa. Mimi nilificha miaka kumi na tisa, nikapandishwa cheo mara mbili nikiwa nimeficha, na leo ndiye ninayeachiwa dawati lake. Singeweza kulikalia bila kusema.

Yeye hakunitaja kwa mtu, na mbele yangu hakuligusia. Miezi ile ya stoo nilikuwa napeleka barua ngumu kwake kwa kisingizio cha kufuata karatasi. Nadhani hakuna idara duniani iliyowahi kutumia karatasi nyingi kama ya kwetu mwaka ule. Alikuwa akikaa juu ya marobota, anavuta miwani mpaka ncha ya pua, anasoma, ananiuliza kama nimesoma sura nzima. Stoo nayo ilinyooka. Marobota yalipangwa kwa ukubwa na tarehe, panya walihama, na mtunza stoo aliyemfuata alilalamika kuwa hakuachiwa kazi yoyote ya kufanya. Mkurugenzi mpya alipokuja na kukuta barua mia nne hazijajibiwa, akamrudisha chumba namba saba. Siku hiyo alifungua droo, akautazama muhuri, akaifunga droo bila kuitia kufuli. Mpaka leo haina kufuli. Niliwahi kutamani aifunge.

Yule fundi cherehani alilikata sahihisho kwenye jarida na kulibandika ukutani juu ya cherehani yake. Kaka yake haamini mpaka leo, lakini tangu siku ile naye husoma jarida, na hutuandikia mara mbili kwa mwaka, maswali yote makali kama wembe. Matatu yamo kwenye trei ya BADO. Mzee ameniachia maagizo kuwa barua za kaka huyo zijibiwe kabla ya za maaskofu.

Kwa wanaopenda hesabu: amejibu barua zaidi ya elfu kumi na moja, ameandika masomo arobaini ya kozi yetu ya posta, na amewafundisha kazi watu tisa, nikiwa wa nne na mwenye kosa kubwa kuliko wote. Hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku aliyozaliwa mjukuu wake wa kwanza, alipokuja saa sita mchana akiwa amevaa viatu viwili tofauti. Mama Nesi anasema anampokea nyumbani kwa mikono miwili na kwa masharti: asizisahihishe karatasi za maelekezo zilizomo kwenye boksi za dawa, na akiulizwa chakula kina chumvi ya kutosha asijibu "yaelekea".

Nilimwomba mkurugenzi wa sasa aitoe ile barua ya onyo kwenye faili. Alikubali palepale, nami nikapata barua yangu ya onyo, ambayo ni halali yangu. Mzee ndiye aliyekataa, mkurugenzi alipomweleza. Alisema kumbukumbu haichanwi, husahihishwa pembeni ili anayekuja aone vyote viwili. Kwa hiyo nakala ya ukurasa huu itapigwa pini kwenye faili lake, nyuma ya barua ile.

Na kwa kuwa hakuna kinachotoka ukurasa wa tatu bila kusomwa, Jumanne asubuhi niliiweka rasimu ya wasifu huu kwenye trei yake nikatoka nje. Nilizunguka jengo mara mbili. Niliporudi alikuwa ameenda kunywa chai, na rasimu ilikuwa mezani pangu, ina alama za penseli.

Nilipoandika kuwa alikaa stoo miezi kumi na sita, ameandika kumi na minne. Nilipoandika kuwa katika miaka yote hiyo hakukosea, amefuta sentensi nzima na kuandika pembeni makosa yake sita, na tarehe zake, likiwemo la umbali wa Yerusalemu na Yeriko ambalo hakuna msomaji aliyewahi kuligundua. Nilipomsifu kwa hekima ya kupita kiasi amepiga mstari na kuandika, "Nani aliona?" Aya ya lile lango na muhuri hakuigusa, ila mwisho wake. Nilikuwa nimemalizia kwa maneno haya: Natumaini siku moja atanisamehe. Amefuta "natumaini", amefuta "siku moja", amegeuza kitenzi, na kuongeza maneno mawili kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Sentensi hiyo nimeitoa kule niilete hapa, na sasa inasomeka: Alinisamehe siku ileile. Chini yake amegonga IMESOMWA, na muhuri ameuacha juu ya karatasi, upande wangu.

Asante, Mzee wetu, kwa miaka thelathini na mmoja ya kutusomesha mstari unaofuata. Barua za Kirenio tutakuletea nyumbani. Wewe na Mama Nesi tunawatakia afya, usingizi wa kutosha, na maisha mema sura nzima.